Chipsi za Vanishi

Wapo wanaume wasiojua kupika na wanaojisifu kwa hilo, kana kwamba kutojua ni cheo. Vanishi hakuwa katika kundi hilo. Yeye hakujua kupika, na kwa miaka mingi hakujua hata kwamba hajui, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. Alizaliwa akamkuta mama yake anapika, akaishi na dada yake ambaye hakumruhusu mtu kugusa jiko lake, kisha akaoa mwanamke ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kupika. Jiko kwake lilikuwa mahali pa kupitia ukienda kunawa mikono.

Jina la Vanishi alilipata karakana. Mafundi wenzake walichonga vitanda, kabati na viti, naye ndiye aliyevimalizia: kupiga msasa, kufuta vumbi, kupaka vanishi, kungoja, kupiga msasa tena, kupaka tena. Ni kazi ya subira, watu wa pupa hawaiwezi. Mbao ikiwa na unyevu, vanishi inafanya malengelenge. Ukipaka mkono mmoja mzito, yaani tabaka moja nene, badala ya mikono miwili myepesi, inachuruzika na kuganda vibaya, na mwenye kabati lake atakuja kukutafuta. Haya Vanishi aliyajua kama anavyojua njia ya kwenda kwake. Ukimkuta amesimama mbele ya meza iliyong'aa, mikono nyuma, kimya, usimsemeshe. Hapo anajisifu moyoni.

Mkewe walimwita Bi Mwiko. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha sabuni, mwanamke mwenye sauti ya kufika getini na ulimi usio na breki. Walikutana pale pale kantini, Vanishi alipoitwa kupaka upya meza za wafanyakazi. Ilikuwa kazi ya siku moja, akaifanya wiki nzima, na kila ilipofika saa ya chakula yeye ndiye alikuwa wa kwanza kwenye foleni.

"Fundi," Bi Mwiko akamwambia mwishowe, "hizo meza zimeng'aa mpaka tunajitazama. Kama kuna jingine lililokuleta, sema."

Vanishi akasema. Mpaka leo hudai kwamba tumbo ndilo lililooa, moyo ukafuata nyuma. Bi Mwiko hukataa. Kwa maoni yake, moyo wa mume wake haujawahi kutoka tumboni.

Basi mwaka mmoja Bi Mwiko akashikwa na mafua, yale mabaya ya kulaza mtu. Homa ikaja, ikaondoka, kikohozi kikaisha, akaamka akaoga, watu wakampa hongera. Ishara ya kwanza kwamba kuna jambo halijaondoka, Vanishi aliielewa vibaya. Alikuwa amerudi kutoka kazini jioni, nguo zote zinanuka tina ya kuzimulia vanishi. Desturi ya nyumba ile ilikuwa kwamba hakanyagi zulia kabla hajaoga, na Bi Mwiko humkumbusha mlangoni kila siku kwa maneno yale yale: "Kaoge kwanza, unanuka kama kabati jipya." Jioni hiyo hakusema kitu. Vanishi akapita, akajitupa kwenye kochi na nguo zake za kazi, akajiambia kuwa ugonjwa umemlainisha mke wake. Akafurahi, maskini.

Siku iliyofuata maziwa yakaungua. Moshi ulijaa mpaka jirani akaja kugonga mlango, na Bi Mwiko alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwenye sufuria, ameligeuzia jiko mgongo, anakata vitunguu. Wakatazamana, mume na mke, na hapo ndipo walipokwenda hospitali.

Daktari, kijana mpole mwenye miwani, aliwaeleza bila kuzunguka. Pua ndiyo iliyoumia, ulimi ni mzima. Chumvi ataijua, sukari ataijua, ukali wa limau na mwasho wa pilipili atavijua. Lakini ile harufu inayokifanya kitunguu kiwe kitunguu na nyama iwe nyama, hiyo imekatika. Inaweza kurudi, inaweza kuchelewa, inaweza isirudi.

"Kikubwa ale," akasema, na alipokuwa anasema alimtazama Vanishi badala ya mgonjwa. "Mwili ukiisha, hata pua haitakuwa na mahali pa kuponea."

Kusema ni rahisi. Mdomoni mwa Bi Mwiko kila kitu kilikuwa kimoja. Wali ulikuwa pamba, nyama ilikuwa mpira uliochemshwa, chai ilikuwa maji ya moto yenye rangi. Alikula kama mtu anavyomeza vidonge: anavuta pumzi, anameza, ananyamaza. Vijiko vichache, kisha sahani inasukumwa mbele. Magauni yakaanza kumning'inia mabegani. Mwanamke ambaye alikuwa akipita mlangoni mlango unajua kwamba kuna mtu amepita, sasa unamgusa mkono unagusa mfupa.

Na ushauri haukukosekana. Mgonjwa wa pua hushauriwa na kila mwenye pua. Huyu alisema ajifukize, yule alisema amefanyiwa kijicho, mwingine akamletea kitunguu kibichi akamwambia akinuse asubuhi na jioni. Bi Mwiko, kwa adabu, akakinusa mbele ya mgeni. Macho yakatiririka machozi, pua haikusikia lolote, na mgeni akaondoka ameridhika kwamba dawa imeanza kufanya kazi.

Kantini walimwekea nafasi yake, wakamwambia apumzike kwanza. Yeye akawajibu kwamba mpishi asiyesikia harufu atawalisha watu samaki waliooza na kuwatakia mchana mwema. Akaacha kwenda. Akaapa pia hataingia tena jikoni kwake. Hata kunywa maji, alimwomba Vanishi amletee. Chakula kikawa kinaletwa na dada yake Vanishi, msusi mwenye saluni mtaa wa pili, mwanamke mwema ambaye mikono yake ilikuwa hodari na mdomo wake hodari zaidi.

"Wifi, kula, huo mwili tunauhitaji," alikuwa akisema huku akifungua hotpoti. "Ukikonda hivi hata kukusema vibaya mtu anaona huruma."

Bi Mwiko alitabasamu kidogo, na kila alipoondoka wifi yake, hotpoti ilifungwa tena ikiwa karibu kama ilivyokuja.

"Kula kidogo, mama," Vanishi alimwambia jioni moja.

"Sina njaa."

"Tangu asubuhi hujatia kitu tumboni."

"Sikatai kwa makusudi, mume wangu. Njaa yenyewe haiji. Nimeingoja, haiji. Sasa mtu bila njaa anakula ili iweje?"

Vanishi akaifunika hotpoti. Aliogopa. Hakumwambia mtu, kwa sababu mafundi hawaambiani mambo kama hayo, lakini aliogopa hofu ya kweli: kwamba mke wake ataondoka hivi hivi, kidogo kidogo, mezani, mbele ya sahani iliyojaa, na yeye amekaa upande wa pili anamtazama, kijiko mkononi, hajui la kufanya.

Mkate ndio uliomfungua macho. Asubuhi moja alijaribu kuuchoma juu ya jiko, na kwa kuwa hakujua kwamba mkate ukiwa motoni hauachwi ukaenda kutafuta soksi, ukaungua pembeni. Akauleta hivyo hivyo, kwa aibu. Bi Mwiko akauchukua, akaacha katikati pote palipo laini, akavunja ule ukingo uliokauka na kuutafuna. Ukalia. Akavunja mwingine. Ukalia tena.

"Mbona unakula palipoungua?" Vanishi akauliza.

"Angalau hapa nikitafuna panajibu," akasema mkewe. "Kwingine kote ni kama kumsemesha mtu aliyelala."

Vanishi alikwenda kazini na sentensi hiyo. Aliirudia akipiga msasa miguu ya kitanda, akairudia akichuja vanishi. Kumbe kuna kitu kimebaki. Sauti imebaki, moto na baridi vimebaki, chumvi ipo, limau lipo, pilipili ipo. Akaanza kujiuliza ni chakula gani chenye hivyo vyote kwa pamoja, na kwa kuwa hata mtu asiyejua kupika anajua kula, jibu lilimjia bila taabu. Ni chipsi. Chipsi za moto, kavu kau kwa nje, laini ndani, zenye viungo vya kuwasha, na pembeni bakuli la sosi nzito ya maziwa, baridi, chachu.

Mwanzoni alitaka kuzinunua, kama mtu yeyote mwenye akili timamu. Akanunua, zikafungwa kwenye mfuko, na njia nzima zikawa zinatoka jasho mle ndani. Alipofika nyumbani zilikuwa zimelegea, zinainama kama kamba za viatu. Bi Mwiko akainua moja, ikalala kidoleni. Akairudisha. Hapo Vanishi akajua kwamba chipsi zinazolia ni zile zinazotoka kwenye mafuta na kuingia mdomoni, hakuna safari katikati. Itabidi zikaangwe humu humu ndani. Na humu ndani waliopo ni wawili, mmoja wao ameapa hakanyagi jikoni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

"Mama," akamwita kutoka mlangoni mwa jikoni, kisu mkononi, "viazi vinakatwa unene gani?"

"Usiniulize mambo ya jikoni," Bi Mwiko akajibu kutoka chumbani. "Kule mimi sipo tena."

Haya. Fundi akaachwa na ufundi wake. Na hebu tusimcheke mapema, kwa sababu alifikiri, na alifikiri kwa mpangilio. Alijua mafuta na maji havipatani. Alijua pia kwamba kitu chochote kibichi hakipokei kinachopakwa juu yake mpaka kikauke sawasawa. Mbao mbichi unaifanyaje? Unaipanga juani, unaiacha upepo upite. Basi asubuhi akakata viazi, akavitia kwenye kopo safi la rangi, akaenda navyo karakana. Akavipanga kimoja kimoja juu ya chanja ya kukaushia mbao, kati ya miguu ya stuli na mbao za rafu, kwa nafasi sawa, kama anavyopanga vitu vyake vyote, akaenda kufanya kazi yake.

Mchana seremala mkuu alipita pale, akasimama, akainama. Vile viazi vilikuwa vimekuwa vyeusi, vimejikunja na kukakamaa.

"Fundi," akaita, "hivi vigingi ni vya mti gani?"

"Ni viazi."

Seremala mkuu akakiokota kimoja, akakigonga ukingoni mwa meza, kikatoa mlio. Akakirudisha taratibu mahali pake. Karakana nzima ilicheka mpaka mtu wa msumeno akazima mashine ili asijikate. Vanishi akavikusanya, akaenda navyo nyumbani, akavikaanga vivyo hivyo, maana alikuwa mkaidi na hakutaka kuamini kwamba kanuni iliyomlisha miaka yote inaweza kushindwa na kiazi. Bi Mwiko akauma kimoja. Kililia, hilo halina ubishi. Akashika shavu.

"Hii ni miguu ya stuli ipi?" akauliza. "Nijue ni nani atakaa chini."

Lakini Vanishi aliona kitu: kwa mara ya kwanza tangu augue, alikuwa amefanya mzaha. Akala matumaini usiku huo badala ya chipsi, na kesho yake akaenda sokoni kwa mama muuza viazi, akamweleza yote, hata habari ya chanja. Mama muuza viazi alimsikiliza mpaka mwisho bila kucheka, na kwa hilo pekee alistahili pepo.

"Baba, kiazi si mbao," akasema. "Ukikianika kinakufa. Wewe unataka kukikausha, sawa, lakini kwanza kioshe. Kina unga ndani yake, ule mweupe unaobaki kwenye kisu. Huo ndio unaoungua na kufanya weusi. Kata, loweka, osha mpaka maji yatoke safi kama yalivyoingia. Ndipo ufute kwa kitambaa mpaka kisilowe kidole. Na uache hivi vipya vya ganda jembamba, vimejaa maji. Chukua hivi vya zamani, vizito."

Dadake naye, alipoambiwa, aliweka chini kitana na kumtazama kaka yake kama anayemwona upya.

"Kaka yangu, wewe unayeunguza maji, unataka kukaanga?"

"Niambie sosi inafanywaje."

"Mtindi mzito, mayonezi kidogo, kitunguu saumu ukisage, chumvi, limau. Tia limau kuliko unavyodhani, wifi anausikia uchachu. Halafu iweke kwenye friji ipoe sana." Akaanza kutafuta kitu kwenye kabati la saluni ambako, kwa sababu anazozijua mwenyewe, aliweka pia viungo. "Na hivi hapa: pilipili manga, kitunguu saumu cha unga, binzari nyembamba, na pilipili nyekundu ya kuleta rangi. Changanya na unga laini wa mahindi kidogo. Usimwambie mtu nimekupa, watasema nauza nywele na pilipili."

Siku ya mapumziko, mchana, Vanishi akaingia jikoni akafunga vifungo vya shati mpaka shingoni kama mtu anayekwenda kuhojiwa. Sosi aliitengeneza kwanza akaiweka kwenye friji. Akamenya, akakata kwa unene mmoja, na hapo jicho la fundi lilimsaidia, maana hapakuwa na kipande kirefu wala kifupi. Akaosha, akamwaga, akaosha tena. Akafuta kipande kwa kipande kwa vitambaa vipya alivyovitoa karakana, vile visivyoacha nyuzi. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Alishangaa ni kazi kiasi gani inamezwa na watu kwa dakika chache bila hata kusema asante, na akakumbuka sahani zote alizokula yeye.

Kisha likaja swali la moto. Mara ile ya kwanza alikuwa ameukuza mpaka mwisho. Sasa akasimama mbele ya karai akafikiri, na wazo lililomjia lilitoka kule kule kwenye vanishi, ila safari hii lilikuwa na akili. Hakuna kitu kizuri kinachomalizwa kwa mkono mmoja. Mkono wa kwanza mwepesi, wa kuingia ndani. Unaacha upumzike. Mkono wa pili ndio wa kung'aa. Akawasha moto mdogo, akatumbukiza viazi, vikachemka polepole kwenye mafuta mpaka vikalainika, bado vyeupe, akavitoa akavitandaza. Vilipopoa akavinyunyizia ule unga wa viungo, akavitikisa vikaenea. Kisha akaongeza moto, akangoja mafuta yapate moto hasa, na kwa furaha ya mtu aliyeona mwanga, akavimwaga vyote ndani kwa mpigo.

Mafuta yakanguruma mara moja, kisha yakanywea.

"Umetia vingi," sauti ikasema kutoka chumbani.

Vanishi alidhani amesikia vibaya. "Unasemaje?"

"Nasema umetia vingi kwa mara moja. Mafuta yamepoa, hayavumi tena, yanagugumia. Toa nusu."

Yapo mambo ambayo mpishi hayavumilii hata awe mgonjwa vipi, na mojawapo ni kusikia mafuta yakinyanyaswa. Bi Mwiko alikuwa amelala kitandani anajizuia tangu mkaango wa kwanza. Alisikia kisu, akasikia maji, akasikia moto mdogo, na kwa siri akaukubali. Lakini hili lilimshinda.

Vanishi akatoa nusu. Mafuta yakaanza kuvuma upya.

"Ongeza moto. Kidogo. Basi."

Sauti ilikuwa imesogea. Haikuwa tena ya chumbani, ilikuwa ya sebuleni. Vanishi hakugeuka. Alishika kijiko cha matundu akatazama mbele kama askari, akiogopa kwamba akigeuka tu, mwenye sauti atakumbuka kiapo chake na kurudi kitandani.

"Nizitoe?"

"Una haraka ya kwenda wapi? Sikiliza. Unasikia yale mapovu makubwa yanavyopasuka? Hayo ni maji yanatoka kwenye kiazi. Yakiwa bado yanapiga kelele, ndani bado kuna maji. Ngoja."

Akangoja.

"Sasa yanapungua. Sauti inakuwa nyembamba. Unasikia?"

"Mimi sisikii tofauti yoyote."

"Utasikiaje, masikio yamejaa vumbi la msasa." Sasa alikuwa mlangoni mwa jikoni kabisa, mkono kwenye fremu, shingo imeinama kidogo upande mmoja. "Ngoja. Ngoja. Sasa. Toa."

Akatoa. Zilikuwa na rangi ya dhahabu iliyokolea, kingo zimekauka, madoa mekundu ya viungo yameshika kila upande. Bi Mwiko hakuwa amezitazama hata mara moja. Macho yake yalikuwa ukutani, alikuwa ametumia masikio tu.

"Zitikise kwenye chujio," akaamuru.

Akazitikisa. Zikagongana zikalia kwa mlio mkavu.

"Chumvi sasa hivi, kabla hazijapoa, ikishapoa haishiki. Hizo zilizobaki zirudishe kwenye mafuta." Kisha akashtuka, kama mtu aliyeamka na kujikuta yuko mahali ambapo hakukusudia kwenda. Akatazama jiko, akatazama miguu yake juu ya sakafu ya jikoni. Vanishi alimwona akifikiria kurudi. Akafanya jambo la maana kuliko yote aliyoyafanya mwezi ule: akanyamaza, akavuta kiti, akaweka sahani mezani, akatoa sosi kwenye friji akaiweka karibu yake.

Bi Mwiko akakaa.

Akachukua moja, akaichovya, akaitia mdomoni. Ikavunjika kwa sauti ambayo Vanishi aliisikia kutoka kwenye jiko. Akatafuna taratibu. Kwanza ule ugumu ukakatika, kisha ule ulaini wa moto, kisha ubaridi wa sosi ukapita katikati yake, uchachu wa limau ukamfinya nyuma ya taya, na mwisho pilipili ikaja kwa kuchelewa na kuanza kuwasha ulimi. Akafumba macho. Vanishi alikuwa ameshika kijiko cha matundu kinachodondosha mafuta sakafuni, na wala hakujua.

"Vipi?" akauliza.

"Sisikii harufu," akasema Bi Mwiko. "Wala ladha ya kiazi siipati. Nisikudanganye."

"Sawa, mama."

"Lakini kuna kitu mdomoni mwangu." Machozi yalikuwa yanamshuka, na safari hii hayakuwa ya kitunguu. "Kinanijibu kila mahali. Kinaungua, kinapoa, kinalia. Nilidhani nimekufa kuanzia shingo kwenda juu."

Akachukua ya pili. Akachukua ya tatu bila kuichovya, kisha ya nne akaichovya mara mbili. Alimsemesha mume wake huku mdomo umejaa, jambo ambalo angempiga mtoto yeyote kwa ajili yake: kwamba viungo viongezwe kabla ya mkaango wa pili na vingine baadaye, kwamba unga ulikuwa mwingi, kwamba wazo la kukaanga mara mbili lilikuwa zuri na asivimbe kichwa. Vanishi akamletea zile nyingine zilipoiva. Alizitoa alipoambiwa atoe. Yeye mwenyewe hakuonja hata moja, na hakuna aliyemkumbusha.

Sahani ikabaki na chembe za viungo. Bi Mwiko akazikusanya kwa kidole, akazila. Akakwangua bakuli la sosi kwa kijiko mpaka likawa kama lililooshwa. Kisha akatazama huku na huku juu ya meza.

"Ndizo zote hizi?"

"Ndizo zote. Nilidhani utaonja tu."

Bi Mwiko akaweka mkono tumboni. Akakaa hivyo kidogo, uso umetulia, kama mtu anayesikiliza hodi ya mbali asiye na hakika kama ni mlango wake unaogongwa.

"Mume wangu," akasema polepole, kana kwamba neno lenyewe amelisahau na analijaribu upya. "Mimi nina njaa."

Vanishi aliitikia kwa kichwa. Akainama kwenye gunia lililokuwa chini ya meza, akakaa ameinama kule kwa muda mrefu kuliko mtu anavyohitaji kuchagua viazi. Alipoinuka, amevikumbatia vingi kuliko karai lile lingeweza kubeba, macho mekundu, alimkuta Bi Mwiko amesimama mbele ya sinki, mikono ya gauni ameshaikunja, kisu anacho mkononi.